Nani Anaangalia Pumzi Yako? Ganzi, Dawa ya Kutuliza na Nusukaputi katika Upasuaji wa Kinywa

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na vijana mliokuja kumsindikiza mtu wenu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu tayari mna tarehe ya upasuaji. Kuna anayetolewa gego la mwisho lililolala ndani ya taya, kuna mwenye uvimbe, kuna wa kuungwa taya lililovunjika, na kuna mzazi ambaye mtoto wake anang'olewa meno kadhaa kwa siku moja. Shughuli zenyewe hazifanani, lakini kabla ya yote naulizwa swali lile lile: "Daktari, nitalala?"

Nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu ndani ya chumba cha matibabu, mtu ameketi kwenye kiti, mdomo wazi, moyo unamdunda, hakuna nafasi ya kulijibu ipasavyo. Na niseme mapema ninachoamini baada ya miaka mingi kwenye kazi hii. Kulala si kipimo cha matibabu mazuri. Cha kuulizia kwanza ni pumzi: nikishapewa dawa, ni nani ambaye kazi yake itakuwa kuangalia ninavyopumua?

Anayepasuliwa goti, daktari wake yuko huku chini na njia ya hewa iko kule juu, hawagusani. Kwetu sisi mdomo ndiyo sehemu ya kazi, na mdomo huo huo ndiyo njia ya hewa. Damu, maji ya kupoza mashine, kipande cha jino kilichokatika, pamba, vyote viko sentimita chache tu kutoka kooni. Mtu aliye macho akihisi kitu kinateremka atakohoa, atameza, atageuza kichwa. Aliyelazwa na dawa hawezi. Karibu kila nitakalolisema leo linatokana na hilo.

Sasa tuziangalie njia zenyewe. Unaweza kutibiwa kwa ganzi peke yake. Unaweza kupewa ganzi pamoja na gesi ya kuvuta puani. Unaweza kupewa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza, ya kumeza au ya kuingizwa kwenye mshipa. Na unaweza kulazwa kabisa kwa nusukaputi. Nimelitaja neno ganzi mara tatu kwa makusudi, na hata kwenye nusukaputi mara nyingi tunaichoma, ili ukiamka usiamkie maumivu. Gesi na vidonge kazi yake kubwa ni kuondoa hofu. Kinachozima maumivu ya kidonda ni ganzi. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kutuliza bila ganzi ya kutosha ataumia, na kinachoweza kutokea ni kwamba baadaye hakumbuki. Kutokumbuka maumivu si sawa na kutoumia, na mimi sikubali mgonjwa atibiwe hivyo.

Nianze basi na ganzi, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu ndiyo msingi na ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote.

Upasuaji usio na maumivu ulizaliwa kwenye kiti cha kung'olea meno. Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Connecticut, Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alikwenda kutazama maonyesho ya gesi ya nitrasi oksaidi. Siku hizo watu waliivuta kwa burudani, wakacheka na kuyumbayumba mbele ya watazamaji. Mmoja wao, Samuel Cooley, alijigonga akaumia mguu, na hakuwa na habari ya jeraha mpaka baadaye. Wengine walicheka, Wells akaanza kufikiri. Kesho yake, tarehe 11, aliivuta gesi hiyo yeye mwenyewe na daktari mwenzake, John Riggs, akamng'oa jino. Januari 1845 alijaribu kuwaonyesha madaktari wa Boston, mgonjwa akapiga kelele katikati ya shughuli, na Wells akazomewa. Lakini tarehe 16 Oktoba 1846, katika jiji hilo hilo, William Morton, naye daktari wa meno, alitumia mvuke wa etha katika hospitali ya Massachusetts General, na mgonjwa akatulia huku akipasuliwa uvimbe wa shingoni. Habari zikaenea duniani. Wells alifariki mwaka 1848, kabla heshima yake haijatambuliwa ipasavyo.

Nawaeleza haya kwa sababu bado nasikia wagonjwa walioambiwa "vumilia kidogo, tunamaliza" huku machozi yakiwatoka. Fani yetu ndiyo iliyosaidia kuifundisha dunia kwamba mgonjwa hahitaji kuvumilia. Ukiwa kwenye kiti na unasikia maumivu makali, una haki ya kuinua mkono, na kazi inatakiwa kusimama.

Ganzi tunayoitumia zaidi ni lidokeini. Ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, ikachukua nafasi ya prokeini, ambayo nayo ilikuwa imeshika nafasi ya kokeini iliyoanza kutumika kama ganzi mwaka 1884. Inavyofanya kazi ni hivi: neva hupeleka habari ya maumivu kwa kuruhusu chembe za sodiamu ziingie ndani yake, sehemu baada ya sehemu, mpaka habari ifike kwenye ubongo. Ganzi huziba vijia hivyo vya sodiamu. Jino linaumizwa kama kawaida, ila habari inakwama njiani. Dawa ikishachukuliwa na damu na kuondoka mahali pale, vijia vinafunguka na hisia zinarudi.

Wengi huuliza kwa nini jino la juu linapata ganzi haraka na la chini lina taabu. Mfupa wa taya la juu una vitundu vingi vidogo, kwa hiyo dawa ikichomwa kwenye ufizi jirani na jino inapenya mpaka kwenye mzizi. Taya la chini, hasa nyuma kwenye magego, mfupa wake ni mgumu na umeshonana, dawa haipenyi. Hapo tunakwenda kuikuta neva kabla haijaingia ndani ya mfupa, nyuma kabisa upande wa ndani wa taya. Sindano inaingia mbali kidogo, na ikifika mahali pake, baada ya dakika chache nusu ya mdomo wa chini inaanza kuwasha na kuhisi kana kwamba imevimba, na mara nyingi nusu ya ulimi pia. Ukijishika kidevu unaona kama unashika kidevu cha mtu mwingine. Usiogope. Ndivyo tunavyotaka. Kama mdomo haujafa ganzi, mwambie daktari kabla hajashika kifaa, wala usione aibu.

Hata ganzi ikishika sawasawa, utasikia kusukumwa, utasikia kuvutwa, utasikia mlio wa mfupa ambao kwa sababu uko kichwani mwako unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hisia za mgandamizo hazizimwi kirahisi kama za maumivu. Kwa hiyo tukubaliane mapema: kusukumwa ni kawaida, mchomo mkali si kawaida. Mgonjwa aliyeelezwa tofauti hii kabla ya kazi hukaa kwa utulivu zaidi, nimeliona hilo mara nyingi mno.

Kuna wale wanaosema, "Mimi ganzi hainishiki." Nawaamini. Lakini mara nyingi tatizo haliko kwenye mwili wa mtu, liko kwenye usaha. Mahali penye maambukizi pana asidi nyingi kuliko kawaida, na ganzi ikiingia kwenye asidi kiasi kidogo tu ndicho kinachoweza kupenya ndani ya neva. Ndiyo maana jino lililouma kwa wiki nzima, shavu limevimba, linakataa ganzi wakati jirani yake linakubali. Daktari ana njia: kuchoma mbali na penye usaha na kuizuia neva huko inakotoka, kuongeza dawa ya aina nyingine kama artikeini, kusubiri dakika zaidi, au kutoa usaha kwanza na kulirudia jino siku nyingine. Wapo pia watu ambao neva zao zimepita njia tofauti kidogo na ilivyozoeleka. Na hofu nayo hufanya kila mguso uonekane mchomo, na hapo ndipo dawa ya kutuliza inaposaidia kweli.

Sindano yenyewe ndiyo inayowafukuza watu kwenye matibabu. Ufizi ukikaushwa vizuri, ukapakwa jeli ya ganzi na jeli ikaachwa dakika moja au mbili, mchomo wa juu unapungua sana. Kinachouma zaidi baada ya hapo ni dawa kusukumwa kwa haraka. Daktari anayeisukuma polepole, kwa dakika nzima au zaidi, anakufanyia wema mkubwa, hata kama wewe kwenye kiti unaona anachelewa. Na kabla ya kusukuma huvuta nyuma kidogo kuhakikisha ncha haijaingia ndani ya mshipa wa damu.

Tukija kwenye adrenalini, hapa kuna jambo linaloandikwa vibaya kwenye mafaili ya watu wengi. Lidokeini yetu kwa kawaida huchanganywa na adrenalini kidogo sana, ili mishipa ya damu ya pale isinyae, dawa ikae muda mrefu na damu ipungue. Adrenalini ikiingia kwenye damu, moyo unadunda, mikono inatetemeka, mtu anahisi anakufa. Baada ya dakika chache inapita. Mgonjwa anaondoka akisema ana aleji ya ganzi, na anaandikwa hivyo maisha yake yote. Wengine walizimia kwa hofu ya sindano, nao wakaambiwa aleji. Aleji ya kweli ya lidokeini ipo lakini ni nadra sana. Ikitokea huja na vipele, kuwashwa mwili, kuvimba uso au kubanwa pumzi. Kwa hiyo ukiulizwa, usiseme "aleji" peke yake. Eleza kilichotokea: ulihisi nini, baada ya muda gani, ulitibiwa vipi. Maelezo hayo yanaweza kukurudishia dawa nzuri uliyonyimwa bure.

Wenye presha na wenye moyo, msidhani adrenalini ni marufuku kwenu. Mara nyingi tunaitumia kwa kiasi kidogo na kwa uangalifu, kwa sababu maumivu na hofu hufanya mwili wenyewe umwage adrenalini yake, nyingi kuliko ile ya sindano. Lakini lazima tujue. Presha iliyopanda sana siku hiyo ni sababu ya kuahirisha shughuli isiyo ya dharura.

Ganzi ina kiwango cha juu, na kiwango hicho hufuata uzito. Kwa lidokeini yenye adrenalini, mtu mzima asizidishiwe miligramu 7 kwa kila kilo, wala jumla isizidi miligramu 500. Katriji moja, yaani kichupa cha ganzi kinachowekwa kwenye bomba la sindano, ya mililita 1.8 yenye nguvu ya asilimia 2 ina miligramu 36. Kwa mtu mzima wa kilo 70 nafasi ni kubwa. Kwa watoto miongozo mingi hushikilia miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15, piga hesabu, hapaswi kupita miligramu 66, na hizo hazifiki katriji mbili. Mzazi, ukiona mtoto anatibiwa bila kupimwa uzito siku hiyo, uliza. Ganzi iliyozidi huanza kwa kizunguzungu, masikio kuvuma na ladha ya chuma mdomoni, kisha degedege, na mwisho moyo. Hatari inaongezeka mtoto akipewa ganzi nyingi na dawa ya kutuliza kwa pamoja, kwa sababu dawa hizi zinasaidiana kushusha pumzi.

Gesi nitaieleza kwa kifupi kwa sababu ni njia rahisi na salama kwa wengi. Ni ile ile nitrasi oksaidi ya Wells, ila siku hizi haitolewi peke yake. Inachanganywa na oksijeni, na mashine za kisasa za meno zimeundwa zisiruhusu oksijeni ishuke chini ya asilimia 30, wakati hewa tunayovuta hapa ina asilimia 21 hivi. Unavalishwa kikombe laini puani, unavuta kwa pua, na baada ya dakika chache vidole vinaanza kuwa vizito, mwili unapata joto, na sauti ya mashine inakuwa ya mbali. Unasikia unachoambiwa na unajibu. Mwisho wa kazi unapewa oksijeni tupu kwa dakika tano au zaidi, na akili inarudi karibu yote. Mwenye pua iliyoziba kwa mafua haitamfaa, maana haipiti. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, aliyewekewa gesi jichoni katika upasuaji wa karibuni, au mwenye upungufu wa vitamini B12, aseme mapema, atatafutiwa njia nyingine.

Vidonge vya kutuliza, kama diazepamu, midazolamu au triazolamu, humezwa kabla ya shughuli, mara nyingi saa moja hivi. Ubaya wake ni mmoja: dawa ikishamezwa hairudi. Tumbo la huyu huichukua haraka, la yule huchelewa, na daktari hawezi kuongeza au kupunguza kidogo kidogo. Kosa linaloua ni mgonjwa kuona hajasikia kitu akameza cha pili mwenyewe nyumbani, halafu vyote viwili vikafanya kazi kwa pamoja. Meza ulichoelekezwa, na saa uliyoelekezwa.

Sasa tufike kwenye dawa ya mshipani, ambako ndiko nilikokuwa nawaongoza tangu mwanzo.

Hapa unawekewa kisindano kidogo mkononi, na dawa inaingizwa kidogo kidogo huku daktari akikutazama. Midazolamu hutumika sana. Inaweza kuongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu, na wengine hutumia dawa za usingizi kama propofoli au ketamini. Uzuri wake ni kwamba kiasi kinapimwa kulingana na wewe, siyo kulingana na wastani wa watu. Macho yanakuwa mazito, unaitika ukiitwa, na ukifika nyumbani unaweza usikumbuke chochote. Wagonjwa wengi huniambia "nililala fofofo," na mimi najua walikuwa wananijibu na kufungua mdomo kila nilipowaambia.

Lakini kati ya kutulia na kulala kabisa hakuna ukuta. Ni mteremko. Vitabu vinautaja kwa majina: utulizaji mdogo, wa wastani, wa kina, kisha nusukaputi. Mwili hausomi majina hayo. Kiasi kile kile kinachomtuliza kijana wa miaka 30 kinaweza kumteremsha mzee wa miaka 75 mpaka chini, pumzi ikapungua, ulimi ukaanguka nyuma na kuziba koo. Kwenye utulizaji wa wastani unaitika ukiitwa au ukiguswa kidogo, na unapumua mwenyewe. Kwenye ule wa kina huamki kirahisi, na huenda ukahitaji kusaidiwa kupumua. Ndiyo maana anayetoa dawa lazima awe na uwezo wa kumwokoa mgonjwa aliyeteremka hatua moja zaidi ya ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo angalieni chumba. Kidoleni pawe na kile kibanio cha kupima oksijeni kwenye damu. Lakini kibanio hicho huchelewa kusema. Mtu akiwa anapewa oksijeni ya ziada, anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki nzuri kwa muda, kwa sababu damu bado ina akiba. Kifaa kinachowahi kujua ni kile kinachopima hewa chafu, kabonidayoksaidi, inayotoka kila ukitoa pumzi. Mchoro wake ukinyooka kwenye kioo, pumzi imesimama au njia imeziba, na tumejulishwa mapema. Pawe na oksijeni, mashine ya kufyonza damu na mate, mfuko wa kumpulizia mtu hewa, na dawa za kugeuza: flumazenili kwa midazolamu, naloksoni kwa fentanili. Propofoli haina dawa ya kuigeuza. Ukishateremshwa na propofoli, kinachokushika ni mikono ya mtu anayejua kufungua njia ya hewa.

Nami nasema hivi nikiwa daktari mpasuaji, na najua wenzangu wengine tunatofautiana. Daktari aliyeinama kwenye gego lililozama, macho yake yako kwenye mfupa. Hawezi kwa wakati huo huo kuhesabu pumzi. Kwenye utulizaji wa kina na nusukaputi, nataka mtu mwingine, aliyesomea, ambaye hana kazi nyingine ndani ya chumba zaidi ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 2019 jumuiya za Marekani za madaktari wa watoto na za meno ya watoto zilisasisha mwongozo wao na kulisisitiza hilo kwa watoto wanaotibiwa meno: mwangalizi anayejitegemea, mwenye ujuzi wa usingizi, mbali na anayefanya kazi mdomoni. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2001 nusukaputi kwa ajili ya meno ilihamishiwa hospitali. Haya hayakuja kwa nadharia. Yalikuja baada ya watu, wakiwemo watoto wazima wa afya, kufa kwenye viti vya meno kwa shughuli ndogo.

Nusukaputi yenyewe ina mahali pake, na mahali hapo ni pa lazima: taya lililovunjika vibaya, uvimbe mkubwa, jipu lililofunga mdomo usifunguke, mtoto mdogo sana mwenye kazi nyingi, au mtu ambaye kwa sababu ya maradhi au ulemavu hawezi kukaa kwa utulivu. Mara nyingi mpira wa kupumulia hupitishwa puani ili mdomo ubaki wazi kwa kazi, na ndiyo maana wengine huamka pua na koo vikiuma. Nyuma ya koo huwekwa kitambaa cha kuzuia damu, na kabla hujaamshwa lazima kihesabiwe kwamba kimetoka. Kama kuna ndugu yenu yeyote aliyewahi kupandwa na joto kali la mwili au kufia chini ya nusukaputi, hata babu aliyefariki zamani, mtajeni. Kuna ugonjwa wa kurithi unaofanya baadhi ya dawa za usingizi ziwe sumu kwa misuli, na ukijulikana mapema tunatumia dawa nyingine kabisa.

Sasa kuhusu kukaa na njaa, jambo linalowaudhi wengi. Mtu aliyelazwa akitapika, kilichomo tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu, na asidi ya tumbo huchoma mapafu. Kwa nusukaputi na utulizaji wa kina, kawaida ni saa 2 kwa maji matupu, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 6 kwa chakula chepesi au maziwa mengine, na saa 8 au zaidi kwa chakula cha mafuta na nyama. Bibi anayemhurumia mjukuu akampa andazi asubuhi, kisha akanyamaza, anamweka hatarini kwa upendo. Ikitokea amekula, semeni. Tutaahirisha, na hakuna atakayegombezwa. Kwa ganzi peke yake, kinyume chake, kuleni kabla ya kuja, maana mwenye njaa huzimia upesi. Wenye kisukari, msiamue wenyewe juu ya sindano ya insulini siku hiyo. Pigeni simu mpangiwe, na ombeni muwe wa kwanza asubuhi. Wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu vile vile, msiache wala msiendelee kimya kimya.

Kuna mambo mawili watu hunificha, na yote yanagusa pumzi. La kwanza ni kukoroma. Mtu anayekoroma sana na kukatikakatika pumzi usingizini, kisha mchana anasinzia, njia yake ya hewa tayari huziba bila dawa yoyote. Fikirieni akipewa midazolamu. Mara nyingi mke au mume ndiye anayejua, kwa hiyo njooni naye. La pili ni pombe, bangi, vidonge vya usingizi na vya maumivu makali. Hatuulizi ili tukuhukumu wala tukushitaki. Mtu aliyezoea pombe anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi, na aliyekunywa usiku ule anaweza kuzimika kwa dawa kidogo. Dawa za miti shamba nazo zitajeni, baadhi huongeza damu kutoka.

Baada ya dawa ya mshipani, vidonge au nusukaputi, usiendeshe chombo, usipande ngazi kukarabati paa, usisaini mkataba wala kumkopesha mtu fedha kwa saa 24, hata ukijiona uko sawa. Mtu mzima akupeleke nyumbani na abaki nawe; dereva wa kukushusha mlangoni na kuondoka hatoshi. Alale karibu usiku huo, kichwa chako kikiwa kimeinuliwa, na ukikoroma tofauti na ulivyozoea au usipoitika ukiitwa, apige simu ya dharura papo hapo, asisubiri asubuhi.

Ganzi ya taya la chini hukaa mdomoni saa 3 mpaka 5, wakati mwingine zaidi. Katika saa hizo usinywe chai ya moto, na mtoto usimwache peke yake, kwa sababu atautafuna mdomo wake akiuona mpya, na asubuhi utakuta umevimba na una kidonda cheupe ambacho wengi hudhani ni usaha. Hupona chenyewe kikiwekwa safi. Lakini ikifika kesho yake na nusu ya mdomo au ulimi bado haina hisia, rudi ukaonwe, paandikwe na pachorwe mahali penye ganzi. Mara nyingi hisia hurudi kwa wiki au miezi. Daktari anatakiwa akufuatilie mpaka zirudi, na kama hazirudi, akupeleke kwa mtaalamu wa neva mapema badala ya kukuambia usubiri tu.